Waliohojiwa si wananchi wote

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nilifundisha hisabati miaka 31 kabla ya kustaafu, na kuna kichwa cha habari cha aina moja ambacho kila nikikutana nacho naliweka gazeti chini: "Asilimia 54 ya wananchi wasema..." Unasoma hadi aya ya saba ndipo unaambiwa walioulizwa ni watu 1,000. Hao 1,000 ndio waliosema. Wananchi wote hakuna aliyewauliza.

Darasani nilikuwa na mfuko wa kitambaa wenye shanga 1,000, nyekundu 400 na nyeupe 600. Nilizihesabu mwenyewe moja moja, kwa hiyo ile asilimia 40 ya nyekundu ilikuwa hali halisi ya mfuko mzima. Hicho ndicho kigezo cha kundi zima: kipo kimoja, hakisogei. Kisha mwanafunzi alichota shanga 50 bila kuchungulia, akahesabu, akazirudisha, akautikisa mfuko, akampa mwenzake. Wa kwanza alipata nyekundu 23, yaani asilimia 46. Wa pili 17, asilimia 34. Wa tatu 21. Hizo ni takwimu za sampuli, na kila mkono ulitoka na yake. Kila mwaka alikuwapo mtoto wa kuuliza, "Sasa mwalimu, nani kapatia?" Nililipenda swali hilo kupita yote. Wote walikuwa wamehesabu sawasawa, na mfuko ulikuwa uleule.

Tofauti hii mwanatakwimu Mwingereza R. A. Fisher aliipa majina mawili mbalimbali mwaka 1922, na hadi leo vitabu huandika wastani wa kundi zima kwa herufi ya Kigiriki, wa sampuli kwa herufi ya kawaida. Mwandishi wa habari hahitaji herufi hizo. Neno "waliohojiwa" linamtosha.

Sisemi sampuli hazifai. Watu 1,000 wakichaguliwa kwa bahati nasibu, jibu lao huwa halipishani na la kundi zima kwa zaidi ya pointi 3 hivi, mara 95 katika 100. Basi ile 54 yaweza kuwa 51, yaweza kuwa 57. Ukitaka kulipunguza pengo hilo kwa nusu, uliza watu 4,000. Ila hesabu hii husimama pale tu mkono unapochota bila kuchagua. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi za kura ya maoni zipatazo milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon atashinda urais. Akashinda Roosevelt, kwa asilimia 61 hivi ya kura. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na wengi waliopelekewa kadi hawakujibu. Mamilioni hayo hayakulisaidia jarida kitu.

Ombi langu kwa dawati lako la habari ni hili: katika aya ya kwanza, tuandikieni walihojiwa wangapi, walipatikanaje, na jibu laweza kupishana kwa pointi ngapi. Na kwenye kichwa cha habari, pale penye "wananchi", wekeni "waliohojiwa".

Mwalimu mstaafu wa hisabati