Kwa Mwalimu, kuhusu ile baiskeli ya matairi matatu

Ngamiani, Tanga

Mwalimu wangu,

Assalaam aleikum. Picha zote tatu za baiskeli zimefika, na ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka pale jogoo alipokukatiza. Pole na kiuno, pole na ganzi ya viganja. Shemeji na wajukuu wasalimie sana.

Umeuliza umwambie mwanao akununulie ipi huko Ujerumani. Nakujibu kifundi, maana sina ninachouza. Hapa kibandani baiskeli hizi za kuegemea huletwa na wateja wawili tu: mmoja yake ina matairi mawili mbele, mwingine mawili nyuma. Nikishazitengeneza, sharti nizijaribu mpaka Raskazone na kurudi. Wenyewe hawajui kwamba majaribio mengine hufika Amboni.

Kabla ya gia, springi na rangi, tazama siti iko juu kiasi gani kutoka ardhini. Mwanao hatakwambia hilo kwa sababu yeye ana magoti mapya. Leo jioni kaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, unyooshe miguu mbele, kisha uinuke bila kushika kitu. Halafu fanya hivyo hivyo kwenye kiti cha barazani. Ukiona tofauti, utaelewa kwa nini ile nyekundu, Catrike 700, naiondoa mapema. Ni chombo kizuri, kinatengenezwa Florida, Marekani, lakini kimeundwa kwa mbio: unalala karibu chali na makalio yanakaribia lami. Kuingia utaingia. Kutoka, tutakuja kukutoa. Wewe tafuta siti ya sentimita 40 au zaidi, tena ya wavu, si ya ganda gumu, maana kwa joto letu la pwani mgongo usiopata upepo utaloa kabla hujafika sokoni.

Hiyo nyekundu ina pia balaa la tairi la nyuma. Wazungu wanaliita 700, wengine wanaandika 28, nawe utadhani ni saizi ya Phoenix yako. Siyo. Rimu ya Phoenix ni milimita 635, hiyo ni 622, na tairi la moja halikai kwenye nyingine hata ulisomee. Mwambie mwanao asome namba ndogo ubavuni mwa tairi. Akiona 406, hiyo ndiyo 20 ya BMX za watoto. Akiona 559, hiyo ni 26 ya baiskeli za gia za mitumba. Zote mbili tunazo. Kuna 20 nyingine imeandikwa 451. Hiyo hapa mjini sijawahi kuiona dukani, kwa hiyo aikimbie.

Ile ya matairi mawili nyuma ni Kettwiesel, ya Wajerumani wenyewe, kiwanda cha Hase. Kwa kukaa na kuinuka naipenda kuliko zote: unarudi kinyumenyume, unaketi, basi. Inakata kona ndogo sana, hata uani unaigeuza. Ila ulizia kama imefungwa difu, kile kifaa cha kugawa nguvu kwa matairi yote mawili ya nyuma. Isipokuwa nayo, nguvu ya miguu inakwenda kwenye tairi moja tu la nyuma, na kwenye mchanga tairi hilo huzunguka bure huku mwenzake akitazama. Tairi la mbele nalo halibebi uzito mwingi, kwa hiyo kwenye changarawe unakata usukani nalo linateleza kwenda linakotaka. Na ukiingia vichochoro vya Mji Mkongwe wenu wa Bagamoyo, mbele inapita, nyuma inakwangua baraza la mtu.

Basi inabaki ya tatu, Scorpion plus 26, ya kiwanda cha HP Velotechnik. Matairi mawili mbele, moja nyuma, springi kote, siti imeinuliwa. Ni nzito na bei yake inaumiza, lakini pesa ni za mwanao. Ukitaka nikupe sababu moja tu ya kuichagua mbali na siti, ni hiyo 26 ya nyuma. Mteja wangu mmoja ana 20 nyuma, na ule mkono wa gia unaning'inia karibu kabisa na ardhi. Akipita njia za mashamba ya mkonge anarudi na majani yamesokotwa kwenye vijigurudumu vyake, mimi nakaa na bisibisi nayachomoa uzi kwa uzi. Tairi kubwa linaunyanyua mkono huo. Kwenye 20, dawa ni gia za ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Hizo zina faida nyingine pia, unaweza kubadilisha hata ukiwa umesimama.

Sasa nikwambie jambo ambalo picha haikuonyeshi. Baiskeli ya kawaida ina mstari mmoja, unakwepa shimo unapita. Hii ina mistari mitatu. Njia ya trekta ina mikondo miwili na tuta la nyasi katikati, na hii baiskeli, upana wake sentimita 80 hivi, haifiki kote kuwili. Ukiweka tairi moja mkondoni, jingine linapanda tutani na wewe unaendesha umeinama upande kilomita nzima. Mimi napanda tuta kwa matairi yote, au nafuata ukingo. Shimo linalopita katikati ya matairi ya mbele huwa nalisahau, kumbe la nyuma linakuja kulifuata. Kwenye mchanga mkavu mistari mitatu maana yake unalima mara tatu. Taka matairi manene, milimita 50 hivi, punguza upepo kidogo, na funga galoni ya maji kwenye keria, kwa sababu tairi la nyuma ndilo linalosukuma nalo lina uzito mdogo. Ukikwama, teremka uivute. Ndiyo maana nilianza na siti.

Ukienda Kaole kwenye magofu kwa ile njia ya vumbi, utafurahi. Taka gia nyepesi kuliko zote zilizopo, maana hii haianguki hata ukienda mwendo wa kinyonga (kwa kusimama juu ya pedeli, sahau, huwezi). Lakini usisukume kwa nguvu. Mgongo umeegemea, huna pa kurudi, nguvu yote inaishia magotini. Urefu wa boriti ya mbele, ile inayobeba pedeli, upimwe: ukiweka kisigino kwenye pedeli, mguu uwe karibu umenyooka. Wakiisogeza sana, cheni nayo lazima ipunguzwe au iongezwe, nayo ni ndefu karibu mara tatu ya cheni ya kawaida, kwa hiyo mwanao aweke cheni za akiba mbili tatu kwenye mzigo.

Na kandambili, Mwalimu, najua unazipenda. Kwenye hii haziingii. Pedeli ziko mbele yako, juu. Mguu ukichomoka ukagusa chini wakati chombo kinakwenda, fremu inaupitia na kuuvuta chini yake. Watu wamevunjika miguu hivyo. Pedeli ziwe na mkanda wa kisigino, au za kubana kiatu. Hili silegezi.

Breki ya kuegesha iwepo, maana ukiteremka penye mteremko itakuacha. Bendera ndefu nyuma, kwa ajili ya malori ya barabara ya Dar. Ukipita ufukweni maji yakiwa yamekupwa, mchanga wa unyevu ni mtamu kweli, lakini siku hiyo hiyo imwagie maji yasiyo ya chumvi na upake cheni mafuta.

Watakucheka. Watakuita mgonjwa, watauliza unabeba mkaa gani kwenye guta hilo. Waache. Mwaka 1933 pale Paris, Francis Faure alipanda baiskeli ya kulalia ya Charles Mochet, ya matairi mawili, akaenda zaidi ya kilomita 45 kwa saa moja, akaivunja rekodi ya Oscar Egg ya tangu 1914. Mwaka uliofuata wakubwa wa mchezo huo wakazipiga marufuku mashindanoni. Hakuna anayepiga marufuku kitu cha wagonjwa.

Mpigie mwanao kabla hajalipa, na umwambie aende aikalie mwenyewe, akiwa na futi mfukoni: kimo cha siti kutoka ardhini, namba za matairi, upana wa nje. Mlango wa uani kwako upime leo. Kama Scorpion haipiti, nijulishe, tutarudi kwenye Kettwiesel yenye difu iwapo ni nyembamba zaidi, au tutatanua mlango.

Wasalaam,
Ndugu yako, Fundi