Usiseme ni ya Rembrandt

Mwanangu Mariamu,

Picha nimeifunga kwenye lile shuka la bluu, kioo nimekizungushia magazeti. Ndani ya treni isimamishe, usiilaze. Kama umeamua kumpelekea dalali huko Antwerp upate kodi ya chumba, sikukatazi. Ila usiseme ni ya Rembrandt, yule mchoraji Mholanzi wa kale. Sema ni nakala ya zamani, basi.

Tazama hata kwa simu chapa yake halisi iliyoko Rijksmuseum, makumbusho ya Amsterdam, ile ya 1639 aliyojichora ameegemeza mkono kwenye ukingo wa jiwe. Yetu imegeukia upande wa pili. Aliyeiga alichora kwenye bamba la shaba kama alivyoona, na bamba likigandamizwa kwenye karatasi kushoto huwa kulia. Hilo nililijua kabla hujaanza shule. Lakini si takataka: pitisha kidole pembeni, utasikia karatasi ilivyobonyea. Kuna mtu alipaka bamba nta, akaikwaruza kwa sindano, asidi ikala mistari. Dalali asikudanganye kwamba ni ya kiwandani.

Una ulimi mtamu, umeurithi kwangu, ndiyo maana silali. Dalali akinyamaza kidogo tu utaanza kupamba maneno. Usipambe! Baba yako mkubwa alipokuja kutukopesha nauli ya mama yako, aliitazama pale ukutani akauliza, "Hii ndiyo yenyewe?" Nikamwongezea chai. Deni nimelipa, karibu lote.

Na Rembrandt mwenyewe, huyo bwana mwenye kofia pichani, pamoja na maringo yote hayo, mwaka uleule wa 1639 alinunua nyumba mtaa wa Jodenbreestraat, Amsterdam, kwa guilda 13,000, ile pesa ya Uholanzi ya kabla ya yuro, ikamshinda kulipa. Mwaka 1656 akafilisika, vyombo vyake vikapigwa mnada.

Ukiulizwa imetoka wapi, sema baba aliinunua barabarani sikukuu ya Malkia wa Uholanzi, watu walipokuwa wakiuza vitu vyao vya zamani, enzi za guilda. Usiiache kwake bila risiti. Na usitaje jina la Rembrandt mpaka alitaje yeye.

Siku uliyoniambia umefaulu nilijibu "sawa" tu. Nilikuwa kazini, watu wamenizunguka. Nililia chooni.

Bomba la jikoni linavuja tena. Mama yako amekuwekea achari ya embe kwenye mfuko wa pembeni, chupa ikae wima, isije ikamwagikia picha. Shuka ulirudishe, ni la kitanda cha wageni.

Baba yako