Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024, Kigoma

Ndugu wanachama,

Ya kawaida mnayajua: vikao vinne, ziara za elimu ya afya Kibirizi na Ujiji, rambirambi mbili. Wanachama 61, waliolipa ada 27. Benki tuna shilingi 612,000. Nayapita.

Nisemee vipeperushi, maana maneno yamekuwa mengi. Mwezi Machi nilizuia nakala 800 zilizotugharimu shilingi 400,000, nami naambiwa nimetupa fedha za chama. Kipeperushi kile kilisema aliyechanjwa Uviko-19 mwaka 2021 amemaliza, na akiugua zipo dawa za kingamwili. Ningewezaje kukisaini, na kirusi hubadilika?

Kingamwili ni chembe za kinga zinazonasa kirusi; dawa yake hushika kipande kimoja cha mwiba wa kirusi, yaani sehemu kinayojishikiza nayo mwilini. Kipande kikibadilika, dawa haina pa kushika. Bamlanivimab, mojawapo ya dawa hizo, iliruhusiwa Marekani Novemba 2020. Aprili 2021 ruhusa ya kuitumia peke yake ikafutwa. Novemba 2021 Omicron, aina mpya ya kirusi cha Uviko-19, ikaripotiwa kutoka Botswana na Afrika Kusini, mwiba wake una mabadiliko zaidi ya 30, na dawa nyingi za aina hiyo zikaishiwa nguvu. Chanjo zilistahimili zaidi, hasa kuzuia ugonjwa mkali, kwani mwili uliochanjwa hutengeneza kingamwili za namna nyingi. Hata hivyo mwaka 2022 baadhi zililazimika kuundwa upya.

Mjumbe mmoja aliuliza: mbona chanjo ya surua haibadilishwi? Swali zuri. Kirusi cha surua kikibadili sehemu zake za kujishikiza, hushindwa kuambukiza. Cha homa ya mafua (influenza) hakina shida hiyo, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huchagua upya aina za kuwekwa kwenye chanjo mara mbili kwa mwaka.

Tena mfano tunao hapa hapa. Septemba 2023 tulipita nyumba kwa nyumba na matone ya polio. Yale yalikuwa matone mapya, kwa sababu kirusi kilichodhoofishwa cha matone ya zamani, kikizunguka muda mrefu kati ya watoto wasiochanjwa, hubadilika kikaweza kupoozesha. Hayo mapya yameundwa yasigeuke kirahisi. Sisi tulioyabeba ndio tugawe karatasi inayosema virusi havibadiliki?

Kipeperushi kipya nimekiandika mwenyewe, usiku, bila posho. Agosti niliitisha kikao kukieleza, walikuja tisa. Wanaonisema vijiweni sikumwona hata mmoja, na wengi wao wamo kwenye orodha ya wasiolipa. Inaniuma.

Mwakani, Mungu akipenda, tutakichapa, ada zikipatikana au akitokea mfadhili. Nakala iko kwa katibu. Naomba kila mmoja aisome kabla hatujapiga kura mchana huu.