Mnazi hauna tawi

Mwakirunge, Mombasa
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanasha,

Salamu sana. Picha ya ile karatasi ya kupitisha laini ya stima shambani kwako, uliyoachiwa mlangoni, nimeiona, na neno "matawi" nimeliona pia. Usitie sahihi kwanza, nikueleze yaliyonipata mimi.

Nguzo za stima zimepita shambani kwetu tangu uhai wa marehemu mama, na kila baada ya muda huja vijana wa mkandarasi kusafisha njia. Hilo sina ugomvi nalo. Kuna tawi la mwembe lilikuwa likigusa waya kusi ikivuma, usiku linatoa cheche, na mimi ndiye niliyewapigia simu. Karatasi yao ikasema "kupogoa matawi". Nikatia sahihi, nikaenda zangu Kongowea na ndizi.

Kurudi, mwembe umenyolewa vizuri, mkorosho vilevile. Minazi minne haina vichwa. Vigogo vitupu vimesimama, utadhani nao wameleta nguzo zao. Vijana wamekaa kivulini, wamepasua kichwa kimoja wanakula shaha, ule moyo mweupe wa mnazi, na mmoja wao, mtoto mwenye adabu kwa kweli, akaninyoshea kipande: "Karibu, mama." Nikala. Tamu, shoga, na hapo ndipo machozi yalipotoka.

Mnazi una tawi gani, Mwanasha? Mwembe ukiukata leo, masika yakija utachipua. Mnazi una chipukizi moja tu, huko huko kileleni, ukiligusa umeuzika mti mzima, na mche utakaopanda badala yake utakuweka miaka 6 au 7 kabla ya kuonja dafu. Karani wao ananijibu kwamba niliridhia. Niliridhia kupogoa!

Yako ni laini mpya, kwa hivyo una nafasi ambayo mimi sikuwa nayo. Sheria ya Nishati ya 2019 inamtaka anayepitisha laini aombe idhini ya mwenye shamba kwanza. Waulize ni ya kilovolti ngapi, yaani nguvu ya umeme wake, maana ya 132 huchukua njia ya upana wa mita 30, ya 400 mita 60, na shamba lako jembamba lile. Ardhi itabaki yako, muhogo na kunde utapanda chini ya nyaya, lakini nyumba hapana, na mnazi hapana. Basi fidia ya minazi izungumzwe sasa, ingali imesimama. Waandike "kung'oa minazi", na idadi yake: inayozaa, michanga, na ule anaoupanda mgema. Neno "matawi" likifutwa ndipo uchukue kalamu.

Jumamosi nitavuka feri asubuhi na mapema. Nakuja na tepu ya kupimia na chokaa, tuitie alama mmoja mmoja na kuipiga picha. Mtafute afisa wa kilimo awepo. Tuanze na ile miwili mirefu ya nyanya yako, nyuma ya kisima.

Msalimie shemeji, na watoto wote.

Wako,
Mama Rehema