Ming'oko imekosa nini mezani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo lililonikaa rohoni tangu nilipokwenda kwenye maonyesho ya vyakula vya asili hapa Mtwara. Mezani palikuwa na muhogo wa kuchemsha na wa kukaanga, mahindi ya kuchoma, karanga, na korosho zilizomwagwa kwenye ungo mpya. Kibao kilisema ni chakula cha mababu zetu. Niliizunguka meza ile mara mbili nikitafuta ming'oko, viazi vya porini vya misitu yetu, sikuiona. Nje ya geti, hatua chache tu, mama mmoja alikuwa ameketi na beseni lake la ming'oko, na hakuna aliyemkaribisha ndani.

Nilimuuliza kijana mmoja wa waandaaji mbona hata sambusa hazipo, maana watoto walikuwa wakiziulizia. Akanijibu kwa adabu: "Sambusa si asili yetu, mwalimu."

Sasa tuseme ukweli, Mhariri. Karibu kila kilichokuwa mezani pale kilivuka bahari. Muhogo na karanga asili yake ni Amerika ya Kusini, mahindi yalianzia Meksiko. Jina la mahindi ndilo linalotupoteza. Tunayaita kana kwamba ni ya Wahindi, kumbe Uhindini kwenyewe yalifika baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari kuu. Na korosho, fahari ya mikoa yetu hii, kwao ni Brazil. Wenyeji wa huko waliuita mti ule acaju, Wareno wakatamka caju, na katika Kiswahili ukapata jina la mkanju, ambalo wazee wengine wanalo mpaka leo. Wareno waliuleta pwani ya Msumbiji katika karne ya 16, na Mto Ruvuma ulio mpakani haujawahi kumzuia mtu mwenye mbegu mfukoni.

Kisa cha karanga ndicho kikubwa zaidi. Mwaka 1947 serikali ya Waingereza ilianza mpango wa mashamba makubwa ya karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango ukaanguka, ukafutwa mwaka 1951. Lakini kwa ajili ya karanga hizo za Nachingwea ndipo ilipojengwa bandari ya kina kirefu hapa Mtwara, na reli ya kwenda bara ambayo baadaye iling'olewa. Mtoto anayepita stendi na karanga zake kwenye vifuko anauza kitu kilicholeta bandari mjini kwake, na sidhani kama kuna aliyewahi kumwambia.

Hiyo sambusa iliyofungiwa mlango nayo ina historia. Jina lake ni la Kiajemi. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa, kwa jirani zetu wa mkoa wa Lindi, mwaka 1331. Miaka michache baadaye akiwa Uhindini, katika dola ya Sultani Muhammad bin Tughluq wa Delhi, alieleza chakula alichoandaliwa: nyama iliyosagwa, lozi, pistachio, vitunguu na viungo, vyote vikafungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Ni sambusa ile ile. Ilikuwa ikiliwa hivyo zaidi ya miaka 150 kabla Mreno yeyote hajaona mkorosho.

Sisemi muhogo uondolewe mezani. Nimelelewa kwa makopa, yaani muhogo mkavu. Wala siwezi kusema korosho si yetu nikikumbuka vidole vya mama yangu mdogo vilivyobabuka na kuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda, msimu hadi msimu, akibangua punje moja moja. Chakula kilichogharimu ngozi ya mtu ni chake. Ninachokataa ni meza inayoitwa ya asili, halafu kile ambacho hakikuletwa na meli ya mtu kinaachwa nje kwenye vumbi.

Maana ming'oko ni ya misitu yetu wenyewe. Haipandwi shambani, inachimbwa porini wakati wa kiangazi. Bibi yangu aliujua mmea kwa shina lake jembamba lililokauka, lililojisokota kwenye kichaka. Alipiga magoti, akachimba mpaka mkono ukazama begani, akauvuta mzizi polepole usikatike. Kisha alikirudisha kichwa cha mzizi shimoni na kukifukia ili mwakani kichipue tena. Ikishachemshwa, unaimenya kwa vidole, unatia chumvi na pilipili. Pilipili hiyo nayo ni ya Amerika, lakini hayo tuyaache.

Leo vijana wengi wanaiona ni chakula cha njaa. Vichaka vinafyekwa kila mwaka, na wachimbaji wengine hawarudishii kichwa kwa sababu hawakufundishwa.

Ombi langu kwa waandaaji ni dogo. Mwakani muiteni yule mama mapema, mumpe kiti na meza, na mumlipe beseni zima kabla hajaanza kuuza. Kwenye kila sahani andikeni chakula kimetoka wapi na kilifikaje, sambusa ikiwemo. Kama fedha za beseni hilo zitakosekana, nitazitoa mimi.

Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara