Barua ya malalamiko: jiwe la kijani lililouzwa kwa jina lisilo lake

Duka la Leso,
Biashara Street,
Mombasa.

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kwa Meneja,
Duka la Vito na Mapambo,
Tawi la Mombasa.

KUH: TOMALINI YA KIJANI YA KARATI 2.4 NILIYOUZIWA KAMA "TOMALINI YA KROMU"

Salamu kwako na kwa vijana wako wa dukani.

Mimi ni mteja wenu wa jiwe moja tu, lakini hilo moja nimelilipia shilingi 96,000, yaani 40,000 kwa kila karati. Nilinunua mwezi uliopita nimtilie mwanangu kwenye kidani, akivae usiku wa kupambwa. Stakabadhi ninayo na nakala nimeiambatanisha. Imeandikwa kwa mkono wa kijana wenu: tomalini ya kromu, asili, haijapashwa moto. Katika maneno hayo, "tomalini" peke yake ndilo ninaloweza kulikubali leo.

Kabla hujasema mama huyu hajui rangi, nikueleze kazi yangu. Nauza leso na vitambaa Biashara Street mwaka wa 22 sasa. Mteja wangu akiniuliza kama doti hii inalingana na buibui lake la ndani, simjibu. Humwambia toka nayo nje, simama juani, uangalie mwenyewe. Taa za dukani huongopa. Vitambaa viwili vya chanikiwiti vinaweza kufanana kabisa chini ya taa, ukafika navyo mlangoni kimoja kikawa cha majani na kingine kimeingia buluu. Hilo nalijua kuliko ninavyojua jina la balozi wa mtaa wangu.

Basi siku ile nilikuja kwenu na kipande cha hariri mkobani, kilichokatwa kwenye nguo ya bi harusi. Rangi yake ni ya jani la tambuu, lile bichi linalong'aa, si lililokaa siku tatu kwenye kikapu. Kijana wenu alinipokea vizuri, sitamnyima haki yake. "Karibu mamangu," akanipa maji baridi, akanitolea trei ya mawe, akawasha zile taa nyeupe zinazoning'inia juu ya meza. Jiwe nililolichagua ni refu, limekatwa mraba mrefu wenye ngazi. Nililiweka juu ya hariri likazama, rangi ikashikana na rangi. Nikamwambia, mwanangu, niruhusu nitoke nalo mlangoni dakika moja. Akasema sheria ya duka hairuhusu, jiwe haliondoki mezani mpaka lilipiwe. Nami, niwafukuzaye wateja wangu waende juani, nikakaa nikalipa. Hapo kosa ni langu na nimelimeza.

Nilipofika nyumbani ilikuwa saa kumi na moja jioni. Niliketi barazani, nikalifungua. Katikati lilikuwa kijani cha chupa ya soda, si kibaya. Lakini ncha zake mbili zilikuwa nyeusi, kama mtu amechovya vidole viwili kwenye masizi akashika jiwe huku na huku. Ukilitikisa, ule weusi unacheza lakini hauondoki. Usiku, chini ya balbu ya manjano ya sebuleni, kijani chenyewe kikafifia kikawa cha mchicha uliolala sufuriani. Na kupambwa kwa bi harusi, Bwana Meneja, ni usiku.

Kesho yake nilikwenda kwa mzee mmoja sonara wa Mji wa Kale, aliyemtengenezea mamangu kipini. Hakunicheka. Alilishika jiwe kwa koleo, akaligeuza taratibu mbele ya dirisha, akanionyesha jambo ambalo nililipia kwenu bila kuambiwa. Tomalini ina rangi mbili ndani yake. Jiwe hili huota ardhini kama penseli, refu lenye mistari ya kwenda chini. Mwanga ukilipita kwa upana unatoka na kijani. Ukilipita kwa urefu, jiwe linaumeza, na unachokiona ni giza au kahawia. Fundi mzuri analijua hilo kabla hajaweka jiwe kwenye gurudumu. Uso wa jiwe anaulaza sambamba na urefu wa penseli, na zile ncha mbili anazikata kwa mteremko mkali, ili mwanga uliopita kwenye giza usirudi kwenye jicho la mtazamaji. Ncha za jiwe langu zimekatwa kwa mteremko uleule wa ubavuni. Kwa nini? Mzee akasugua kidole gumba na cha shahada. Kukata kwa ukali kunapunguza uzito, na uzito ndio unaolipiwa. Kwa hiyo ule weusi wa nchani nimeununua kwa bei ileile ya kijani cha katikati, karati kwa karati.

Hayo ya ukataji ningeyavumilia, pengine. Lililonitoa Mombasa kwa treni ya asubuhi kutoka Miritini hadi Voi ni neno "kromu".

Nilitaka mtu aishiye na mawe haya, na Taita-Taveta ndiko kwenyewe. Tomalini za kromu za kweli zinachimbwa huko, na ng'ambo ya mpaka Tanzania pia, ukanda wa Umba na Simanjiro. Mtaalamu niliyemkuta alinieleza taratibu, nami nakuandikia nilivyomwelewa. Kijani cha tomalini hakitoki mahali pamoja. Kuna kinacholetwa na chuma, na hicho ndicho cha kawaida; huwa na kijani cha chupa, mara nyingine kinaelekea buluu, mara kahawia, na jiwe likiwa nene kinakuwa kizito hadi cheusi. Kuna kinacholetwa na kromu na vanadi, nazo ni metali kama chuma kilivyo, na hicho ndicho kijani cha zumaridi chenye uhai ambacho watu hukilipia pesa nyingi. Tena akaniambia kwamba tomalini nyingi za Afrika Mashariki ziitwazo za kromu, vanadi ndiyo iliyofanya kazi kubwa na kromu imepewa sifa. Nikasema mambo hayo hata kwenye jikoni za harusi yapo. Akacheka.

Kisha akafanya vipimo mbele yangu. Kwanza akapima jinsi jiwe linavyopinda mwanga: namba mbili, 1.62 na 1.64. Hiyo ni tomalini, si kioo, na nashukuru. Akanipa kile kioo kidogo cha kukuza mara 10, nikachungulia kupitia usoni hadi kingo za nyuma, nikaona kila kingo iko mara mbili kama macho yana usingizi. Hapo nikamkumbuka kijana wenu, aliyeniambia jiwe hili ni "ndugu wa tsavorite" kwa kuwa yote ni ya kijani na yote ni ya kwetu. Tsavorite ni ganeti. Haipasui mwanga mara mbili, na kingo zake za nyuma huonekana moja moja. Jina lake limetokana na Tsavo, na lilianza kutumika sokoni mwaka 1974. Udugu wake na tomalini ni kama wa papa na pweza, bahari tu ndiyo inayowaunganisha.

Halafu akaniwekea kichujio cha Chelsea jichoni. Ni kipande kidogo cha rangi ambacho ukilitazama kupitia kwake jiwe lenye kromu ya kutosha, unaliona jekundu. Alianza na jiwe lake mwenyewe, dogo kama punje ya pojo: likawaka jekundu kama kaa la mkaa lililopulizwa. Akaweka langu. Kijani. Akalisogeza karibu na taa. Kijani kilekile, kizito. Hakutosheka na hilo, maana kichujio peke yake si hakimu. Akaliangalia kwa spektroskopu, chombo cha kuutenganisha mwanga katika rangi zake, akaniambia upande mwekundu wa mwanga umemezwa wote, nayo ni kazi ya chuma. Ripoti yake yenye sahihi nimeiambatanisha pia.

Tomalini ya chuma si jiwe la aibu. Nimeonyeshwa nyingine kulekule Voi, nyepesi, safi, ncha hazina giza, na kwa bei ambayo haifiki hata nusu ya niliyowapa. Lingekuwa langu kwa jina lake na bei yake, nisingeandika barua. Zamani huko Brazil, karne ya 16, wageni waliokota tomalini za kijani wakaziita zumaridi. Hao hawakuwa na kipimo. Nyinyi mna mashine nne kwenye kabati la kioo, nilizihesabu nikisubiri risiti.

Kuhusu "haijapashwa moto", nina swali fupi. Tomalini nzito za kijani hupashwa moto ili zipungue giza, nayo ni desturi ya soko, rangi inayotoka haibadiliki tena. Lakini mtaalamu ameniambia kwamba mara nyingi hata maabara haiwezi kutambua kama jiwe limepita motoni au la. Sasa nyinyi mlijuaje, hadi mkaandika kwenye stakabadhi? Kama mna karatasi ya mchimbaji au ya fundi aliyelikata, nionyesheni. Kama hamna, neno hilo lisingeandikwa.

Na ile kadi ya maelekezo iliyo kwenye kisanduku inasema jiwe lisafishwe kwa mvuke. Tomalini haitakiwi mvuke wala mashine ya mtikisiko; ni maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Wateja wengine wasije wakapasua mawe yao kwa kufuata kadi yenu.

Niliwapigia simu mara mbili, nikawaandikia WhatsApp. Jibu lililorudi ni hili: "Rangi inategemea macho ya mtu, na bidhaa ikishatoka dukani haibadilishwi." Rangi kweli inategemea macho, na macho yanategemea taa, na taa ni zenu. Lakini kromu haitegemei macho ya mtu. Ipo kwenye jiwe au haipo. Nanyi hamkuniuzia kijani tu, mliniuzia jina na mkalitoza.

Ninachotaka ni kimoja kati ya viwili. Mchukue jiwe lenu mnirudishie shilingi 96,000 zangu zote. Au mnipe tomalini ya kromu ya uzito ninaoukubali, hata ikiwa ndogo zaidi, maana nimeshaambiwa kubwa zilizo safi ni adimu, pamoja na ripoti ya maabara isiyo yenu, nami niitazame juani kabla ya kuipokea. Tofauti ya bei mtanirudishia.

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inanipa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na ya kupewa maelezo ninayohitaji kuhusu bidhaa hiyo. Na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ipo. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka karatasi hizihizi kwa Mamlaka ya Ushindani na kwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Sipendi kufika huko. Nina duka la kufungua kila asubuhi, na harusi ina wiki tano.

Jiwe liko kwenye kibweta changu, limefungwa kwenye kile kipande cha hariri. Ukitaka kuliona kabla hujaamua, njoo wewe mwenyewe saa nne asubuhi, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Saa hiyo jua linaingia moja kwa moja mlangoni kwangu, na kiti kitakuwepo.

Wako mteja,

(sahihi)

Muuza leso, Biashara Street

Viambatisho: nakala ya stakabadhi, ripoti ya mtaalamu wa Voi, picha nne za jiwe, mbili za juani, moja ya dirishani, moja ya chini ya balbu.