Shukrani za Familia ya Mwalimu, Kaloleni

Kwa ndugu, jamaa, majirani, na nyote mliowahi kuvaa jezi ya timu yetu ya mpira, hata kama ni kwa msimu mmoja tu,

Ni wiki ya tatu sasa tangu tumlaze Baba, Mwalimu wenu wa mpira, nyumbani Shinyalu. Tumechelewa kuwaandikia kwa sababu kila tulipokaa kupanga majina ya watu wa kuwashukuru, karatasi ilijaa kabla hatujafika nusu. Tukakubaliana na Mama kwamba majina tuyaache, tusije tukamsahau mmoja tukamtia uchungu. Utakapojiona humu, jua ni wewe.

Baba alianguka Jumatatu, Alhamisi akatutoka. Wauguzi wa zamu ya usiku walimgeuza, wakamfuta jasho, wakamwita Mwalimu kama ninyi mlivyomwita, maana mmoja wao aliichezea timu ya wasichana akiwa shule ya msingi. Mungu awakumbuke.

Jioni ile ya Alhamisi, kabla hatujamaliza kuwapigia simu wajomba, viti vilikuwa vimeshafika. Vijana wa chini ya miaka 17 walivibeba vichwani kutoka ukumbini, na hakuna aliyewatuma. Usiku wa kwanza wa matanga nilijaribu kuwahesabu wachezaji wa zamani walioketi kuzunguka moto. Nilipofika sitini nikaacha. Alikuwapo dereva wa matatu, mwalimu wa hesabu, askari jela, mama wa watoto wanne, na mmoja anayefanya kazi bandarini Mombasa aliyepanda treni mara tu alipopata habari, akaja na nguo alizokuwa amevaa.

Nina jambo la kukiri mbele yenu. Sisi watoto wake tulikua tukiona kwamba tumegawana Baba na watu. Jumamosi haikuwa yetu, sikukuu ya Krismasi haikuwa yetu, na mara nyingi hela ya viatu vyetu ilinunua nyavu. Niliwaonea wivu miaka mingi. Usiku ule mlipoanza kusimulia mmoja baada ya mwingine, nilimsikia baba yangu katika vinywa vya watu nisiowajua, nikaona kwamba mmemtunza hata zile siku ambazo hatukuwa naye. Asanteni kwa kuturudishia Jumamosi zake.

Wadogo miongoni mwenu waliniuliza timu ilianzaje, nami niliwajibu juu juu. Niseme hapa vizuri, kama alivyotusimulia.

Mwaka 1987 Nairobi nzima ilikuwa mpira. Agosti, Harambee Stars, timu yetu ya taifa, walicheza fainali ya Michezo ya Afrika pale Kasarani, uwanja ukiwa bado unanukia rangi, wakafungwa na Misri 1-0. Desemba, Gor Mahia wakatoka sare 1-1 na Espérance ya Tunisia hapa nyumbani, baada ya 2-2 ya Tunis, na Kombe la Mandela, la klabu za Afrika, likabaki Kenya kwa mabao ya ugenini. Baba alikuwa Ingwe, shabiki wa AFC Leopards, hadi kwenye mifupa, mtu aliyelelewa na vikombe vitatu mfululizo vya CECAFA, vya klabu za Afrika Mashariki na Kati, 1982, 1983 na 1984. Lakini usiku ule alitembea Jogoo Road yote akiimba na mashemeji wa K'Ogalo, yaani watani wetu mashabiki wa Gor Mahia, kwa sababu kombe lilikuwa la nchi.

Siku iliyofuata aliwakuta watoto wa mtaa wakicheza mpira wa juala, wa mifuko ya plastiki, na kugombana. Magoli yalikuwa mawe mawili mawili, na kila bao lilizua ugomvi: limeingia au limepita juu? Baba alikuwa fundi wa jua kali pale Kamukunji. Alirudi kibandani, akakusanya mabomba ya chuma yaliyokuwa yametupwa, akachomelea magoli mawili ya kubebwa na watu wanne wanne. Timu ikaanzia hapo. Jezi zilikuja baadaye sana.

Ndiyo maana tunawashukuru kipekee mafundi wa Kamukunji. Siku mwili ulipotoka mochari mliweka nyundo chini kuanzia asubuhi hadi saa sita. Mtu asiyepajua Kamukunji hawezi kuelewa ukimya ule una uzito gani, na mtu anayekula kwa kazi ya siku ndiye anayejua ulimgharimu nini kila mmoja wenu.

Utaratibu wa timu aliuokota hapa na pale. Ng'ambo kule Mathare, chama cha vijana cha MYSA kilianza mwaka huohuo wa 1987, na timu zake zilipata pointi za ligi kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro. Baba alienda kutazama, akarudi na wazo hilo. Kwetu hakuna aliyegusa mpira kabla mtaro ulio kando ya uwanja haujapitisha maji. Watoto wadogo walicheza saba kwa saba, na mpira ulikuwa namba nne, kwa sababu alisema mguu mchanga ukipewa mpira wa wakubwa hujifunza kupiga kwa kidole na hausahau tena tabia hiyo. Hakumpangia mtoto namba ya kudumu kabla ya miaka kumi na minne. Beki alionja ushambuliaji, kipa alitoka golini. Na umri haukudanganywa. Tulifungwa mara nyingi na vijana wenye ndevu waliosajiliwa kuwa watoto, naye hakuwahi kulipiza kwa njia hiyo. Cheti cha kuzaliwa kwanza, kisha ripoti ya shule, ndipo njumu.

Kila Desemba aliwapeleka Ziwani, uwanja wa Umeme, kwenye mashindano ya Koth Biro. Walioelewa Kijaluo waliwaambia wenzao kwamba jina hilo maana yake mvua inakuja, na kweli mara nyingi walirudi wamelowa. Aliwaketisha kwenye mstari wa pembeni, kila mtoto akipewa mchezaji mmoja wa kumwangalia kwa dakika zote tisini: anasimama wapi wakati hana mpira? Mmoja wenu alisema matangani kwamba swali hilo ndilo analowauliza hata wanafunzi wake wa hesabu. Sijui anawauliza vipi, lakini Baba angefurahi.

Timu ya wasichana ilikuja kwa sababu yangu, nami naona fahari kulisema. Nilikataa kuketi kando. Nilicheza beki ya kushoto nikiwa msichana pekee miongoni mwa wavulana kumi na watatu, hadi mama mmoja jirani akamleta binti yake, kisha mwingine. Oktoba 2024, Junior Starlets, timu ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka 17, walipokwenda Jamhuri ya Dominika wakawa timu ya kwanza ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA, Baba aliijaza sebule yetu wasichana usiku wa manane, Mama akipika chai sufuria baada ya sufuria. Wazazi mliowaruhusu watoke saa zile mkamwamini awarudishe mlangoni, asanteni.

Wapo pia mliosimama naye wakati wa mabati. Asubuhi moja tulikuta nusu ya uwanja imezungushiwa ua. Alizunguka ofisi kwa miezi akiwa na faili kwapani. Sehemu ilirudi, sehemu sasa ni maghala. Wazee wa mtaa, na wewe wakili uliyekataa hata nauli, familia haijasahau.

Safari ya Shinyalu ilikuwa ndefu, mabasi mawili usiku kucha. Asanteni madereva, asanteni kamati ya mazishi kwa hesabu iliyosomwa wazi hadi shilingi ya mwisho, asanteni akina mama wa kanisa, Kasisi, wakwe zetu na majirani wa kijijini mliolala nje ili wageni wapate vitanda. Ngoma ya isukuti ilipolia pale getini, vijana wa Nairobi waliitambua kabla yetu, kwani ngoma ileile huwapigia Ingwe uwanjani. Ndipo mashemeji wakajitokeza na skafu zao za kijani, wakaimba zamu yao. Mama anasema hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

Lililobaki ni daftari, na hili nawaomba mlisome polepole.

Baba aliandika kila mtoto: jina, tarehe ya kuzaliwa, shule, mzazi, siku ya kwanza na siku ya mwisho. Yako madaftari kumi na moja. Mwaka 2010 Mariga, kijana wa Muthurwa, alipokuwa na Inter Milan iliyotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya, na Novemba 2012 mdogo wake Wanyama alipoifungia Celtic dhidi ya Barcelona, kurasa za miezi ile zilijaa hadi pembezoni. Mtaa mzima ulitaka kuandikwa. Wengi hawakujua faida nyingine ya maandishi yale. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa nje ya nchi mkataba wake ukiwa bado hai, asilimia 5 ya fedha hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: robo ya asilimia kwa kila mwaka hadi 15, nusu asilimia kwa kila mwaka baada ya hapo. Daftari la nyumbani peke yake halitoshi. Mtoto sharti awe amesajiliwa rasmi kwenye shirikisho. Baba hakuona hata senti kutokana na mtoto yeyote, wala hakuidai, lakini timu inaweza kuhitaji kesho. Kwa hiyo madaftari yote tunayakabidhi kwa kocha msaidizi na katibu. Tunawaomba kila jina jipya liandikwe humo na lisajiliwe wiki hiyohiyo.

Michango iliyobaki, kwa idhini ya kamati, tumenunulia mipira ishirini namba nne na jozi mbili za nyavu. Stakabadhi ziko kwa mweka hazina.

Magoli bado yako nyuma ya nyumba yetu. Moja lilikuwa limepinda, mafundi wa Kamukunji wamelinyoosha jana na kulipaka rangi nyeupe. Jumamosi saa moja asubuhi njooni wanane myabebe. Mama atakuwa na chai.

Kifungua mimba wake, kwa niaba ya Mama na ndugu zangu wote,
Kaloleni, Nairobi